Baba Anaoga

Kwanza ieleweke kwamba mimi sina ugomvi na serikali. Nilikuja mjini kwa siku mbili tu, kwa ajili ya harusi ya binamu, nikafikia kwa kaka yangu Mbwana na mkewe Mashavu, na leo ni siku ya tisini na tisa. Kwenye daftari la serikali bado nimeandikwa "mgeni wa siku mbili". Haya nayaandika kwa sababu wifi yangu Mashavu amesema mimi ndiye mwenye nafasi, maana yeye ana watoto wawili na mimi nina mdomo tu. Wifi zangu wote ndivyo walivyo, nimeshazoea.

Kwa wasioijua Jamhuri ya Shwari, ni nchi nzuri, tulivu, yenye wizara arobaini na moja. Homa ilipoanza kuwaangusha majirani zetu, Waziri wa Afya alitangaza kwamba hapa kwetu haipo. Alitangaza mara tatu, na mara ya tatu alitangaza akikohoa. Watu walipozidi kuugua ikabidi ugonjwa upewe jina, na kwa kuwa Waziri hasemi uongo, ukaitwa rasmi Homa Isiyopo. Ikaundwa Wizara ya Kukaa Ndani, ikaamuru kila mtu abaki katika nyumba aliyomo mpaka Homa Isiyopo itakapokwisha. Watumishi wa wizara hiyo peke yao ndio waliokatazwa kukaa ndani. Kazi yao ilikuwa kuzunguka huku na huko wakihakikisha wengine wamekaa.

Siku ile Mtukufu Mlezi wa Taifa alituhutubia redioni. Alisema, "Wanangu, wananchi wangu. Kaeni ndani. Kaeni chini. Na wale ambao tayari wamekaa chini, ndani, nawaagiza waendelee, wala wasirudi nyuma." Mimi nilikuwa nimekaa chini, ndani, nikaendelea. Niliona fahari kuongoza.

*

Amri ilitoka saa nne asubuhi. Kaka yangu alikuwa ametoka saa mbili.

Mbwana ni fundi wa mafriji, na siku hiyo alikwenda Kanda ya Pili, ng'ambo ya daraja, kutengeneza friji la muuza samaki. Aliondoka kama wanavyoondoka akina baba wote wa Shwari: kwa kunyata, viatu mkononi, pumzi kaibana. Binti yake Kidawa, wa miaka minne, akimwona baba anavaa viatu huangua kilio hadi mbuzi wa jirani wanaitikia. Kwa hiyo hakuna kuaga. Ndivyo tulivyolelewa sote. Mimi mama yangu alinitoroka kila asubuhi mpaka nikaolewa.

Mtoto akiamka akauliza, jibu nalo liko tayari. Mashavu alilitoa bila hata kugeuza shingo.

"Baba yuko bafuni, anaoga."

Saa nne daraja likafungwa. Kaka yangu akabaki upande wa pili na bisibisi zake. Kidawa akabaki mbele ya mlango wa bafu, akigonga kwa adabu.

"Baba, hujatakata tu?"

Alasiri nilikwenda kuoga mimi. Kidawa akachungulia, akaona bafu lina shangazi na ndoo, basi. Hakulia. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlangoni. Afadhali angelia, nasema kweli.

*

Kesho yake simu ya nyumbani ikalia. Mashavu alikuwa anakanda unga wa chapati, mikono yote miwili ndani ya sinia. Mimi nilikuwa nasali. Mdogo wake Kidawa, Shomari, ana miaka miwili na hana analolijua zaidi ya kufinya. Kidawa akapokea.

Aliyepiga alikuwa Bwana Lukindo, Afisa Kaya wa Wizara ya Kukaa Ndani, aliyekuwa anaandikisha waliomo kila nyumba ya eneo letu, mtu mwembamba, makini, anayesoma maswali yake kwenye karatasi na kuandika majibu kwa wino wa bluu. Sauti yake ilisikika sebule nzima.

"Nani mkubwa hapo nyumbani?"

"Mimi," akasema Kidawa.

Sasa, kabla hujamcheka mtoto, jua kwamba juzi yake sote tulikuwa tumempigia makofi. Godoro lake lilikuwa limeamka kavu siku ya tano mfululizo, na mama yake alimwambia mbele ya mashahidi, "Sasa wewe mkubwa."

"Una hakika wewe ndiye mkubwa?"

"Ndiyo. Sikojoi tena kitandani. Shomari bado."

Tukasikia kalamu ikikwaruza. Mimi nikaharakisha rakaa.

"Wengine waliomo?"

"Mama. Anakanda unga. Na shangazi. Yeye ni mgeni wa siku mbili, anakula sana."

"Na baba?"

Hapo Kidawa aligeuka. Akamtazama mama yake, aliyekuwa anatikisa kichwa na kurusha unga kila upande.

"Mama amesema yuko bafuni," akasema polepole, "anaoga."

Mashavu alipoifikia simu, orodha ilikuwa imeshafungwa. Alijaribu kueleza. Bwana Lukindo akamjibu kwa upole kwamba taratibu haziruhusu kupokea taarifa kutoka kwa mtu ambaye si mkubwa.

Nimeliona daftari lile kwa macho yangu. Limeandikwa: *Mkuu wa Kaya: Kidawa binti Mbwana. Sifa: hakojoi kitandani.* Wako watu wenye vyeo katika nchi hii ambao sifa zao hazifiki hapo, lakini sina ugomvi na mtu.

Wiki hiyo daftari la taifa zima lilipelekwa kwa Mtukufu Mlezi. Alilipokea kwa mikono miwili, hakulifungua, akatangaza kwamba halina kosa hata moja. Tangu hapo ikawa marufuku kufuta neno lolote ndani yake, kwa kuwa kulisahihisha ni kumsingizia Mtukufu uongo.

*

Utawala wa Kidawa ulianza Jumatatu. Bwana Lukindo alifika getini na muhuri, akamtafuta Mkuu wa Kaya kwa macho juu, kisha kwa macho chini. Taratibu zinasema afisa humwamkia Mkuu wa Kaya. Lukindo akavua kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema Kidawa, kidole puani. "Hujambo?"

"Sijambo, Mheshimiwa."

Tangu siku hiyo hakuna aliyetia mguu nje bila dole gumba la Kidawa, na dole hilo mara nyingi lilikuwa na uji. Mashavu akitaka kuanika nguo, anaomba kibali. Mimi nikitaka kuchungulia barabarani, naomba kibali, naulizwa nachungulia nini. Biskuti za serikali ziliandikwa jina lake, naye alizigawa kwa kuangalia nani kamsimulia hadithi na nani kamsugua masikio.

Kila Jumatatu alipigiwa simu atoe ripoti.

"Hali ya kaya ikoje, Mheshimiwa?"

"Shomari kanifinya."

Jumatano ikaja barua yenye mihuri miwili ikimwonya Shomari, mwenye umri wa miaka miwili, dhidi ya vitendo vya ugaidi wa ndani. Shomari aliipokea mwenyewe, akaila. Tulibahatika kuuokoa muhuri mmoja.

Halafu wakaja watu wa Mamlaka ya Maji. Walikuwa wamesoma daftari na kuona kwamba katika nyumba yetu kuna mwanamume ambaye amekuwa akioga kwa siku arobaini. Wakataka kumwona. Mashavu aliniangalia, mimi nikamwangalia. Kusema hayumo ni kusema daftari lina kosa, na kusema daftari lina kosa ni kulala korokoroni. Nikachukua ndoo na kata, nikajifungia bafuni.

Nilijimwagia maji saa nzima. Niliimba kwa sauti nzito, nikakohoa kiume, nikamwita Mashavu aniletee taulo kwa ukali kama wa kaka yangu. Nje nikamsikia mkaguzi akiuliza, kwa heshima kabisa, "Bwana, bado sehemu gani?"

"Mgongo," nikanguruma.

Wakaondoka wameridhika. Mashavu alicheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikatoka nimelowa kama kuku wa mvua, tukacheka wote, na Shomari naye akacheka bila kujua kwa nini. Kidawa peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni na sketi yake fupi na uheshimiwa wake wote.

"Yule si baba," akasema. "Baba hakuoga."

*

Baba mwenyewe alikuwa darasani. Watu wote waliokutwa nje siku ile walikusanywa katika shule moja Kanda ya Pili, iliyopewa jina la Kambi ya Wasio na Kaya. Mbwana alikwenda darajani mara kumi na moja na kitambulisho mkononi. Mara kumi na moja walilifungua daftari wakamwambia kwamba Mbwana yupo nyumbani kwake, anaoga, kwa hiyo yeye ni nani. Alianza kuwa na wasiwasi kidogo, maskini.

Alipiga simu kila siku baada ya uji wa asubuhi. Alizungumza na mkewe, alizungumza nami, alizungumza na Shomari aliyekuwa akimjibu kwa kupuliza mate. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini kama Kidawa yupo. Mashavu humnyooshea mtoto simu. Na Mkuu wa Kaya, bila kugeuza shingo, husema:

"Mwambie anaoga."

Siku moja redio ilikuwa inaunguruma jikoni. Watu walikuwa wameanza kuuliza Mtukufu Mlezi yuko wapi, maana tangu wiki ya kwanza hakuonekana, na wenye ndugu ng'ambo walikuwa wananong'ona habari za ndege. Mtangazaji akasema kwa furaha kwamba Mtukufu yupo ikulu, hajambo, ila ananawa mikono. Amekuwa akinawa tangu wakati ule, kwa niaba ya taifa. Mimi niliamini mara moja, maana ile mikono imeshika mengi.

Kidawa aliacha kuchora.

"Na viatu," akauliza, "kashika mkononi?"

Mashavu akazima redio. Kisha akaenda nyuma ya pipa la unga akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilimfuata. Pamoja na utani wetu wote, yule ni mke wa kaka yangu na nampenda.

"Wifi," akaniambia, "uongo ulikuwa wa dakika tano tu. Wa kunywea chai."

*

Alhamisi ikaja barua ya Bwana Lukindo. Ilisema kwamba kesho, ikifika saa sita mchana, wakazi wote wa Kambi ya Wasio na Kaya watapelekwa Kisiwa cha Mapumziko, wapumzike huko mpaka Homa Isiyopo itakapokwisha. Tuliisoma mara mbili. Mara ya pili ndipo Mashavu akakaa chini.

"Haipo," akasema. "Sasa kitu kisichokuwepo kitakwishaje?"

Chini kabisa, kwa wino wa bluu, Lukindo alikuwa ameongeza maneno ambayo hayakuwa kwenye fomu. Daftari halisahihishwi, lakini taarifa mpya si sahihisho, ni maendeleo. Kama Mkuu wa Kaya atatamka mbele ya afisa, "Baba amemaliza kuoga, akatoka," basi huyo aliyetoka anaweza kurudi. Yeye atamleta getini saa tano. Mheshimiwa na atamke.

Jioni nzima tulimbembeleza. Mashavu alimpikia kaimati. Mimi nilijitolea kuwa farasi. Tulimfundisha sentensi kwa wimbo, Shomari akaishika kabla yake. Kidawa alikula kaimati, akampanda farasi, akakataa.

"Hakuoga. Mimi nilichungulia."

"Tunajua, mwanangu. Sema tu."

"Mkubwa hasemi uongo. Wewe ulisema."

Ni kweli, mama yake alishawahi kumwambia hivyo, tena na kijiko mkononi. Usiombe mtoto akukumbushe maneno yako mwenyewe.

*

Ijumaa saa tano Bwana Lukindo alifika na daftari kwapani, na nyuma yake hatua sita, kama sheria inavyotaka, alikuwa kaka yangu. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa lilelile alilotoka nalo, viatu vilevile. Geti lilikuwa wazi na katikati yake pamechorwa mstari wa chokaa. Mashavu alitaka kukimbia, nikamshika kanga, maana kuvuka bila kibali kungetupeleka sote kisiwani.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Lukindo.

"Marahaba."

"Naomba kuuliza rasmi." Akafungua daftari, akasafisha koo. "Kaya hii ilimwandikisha baba kuwa anaoga. Je, Mkuu wa Kaya anathibitisha kwamba sasa amemaliza, akatoka?"

Kidawa alimtazama baba yake kuanzia viatuni kupanda juu.

"Hakuoga," akasema. "Na hakuaga."

Kalamu ya Lukindo ikabaki hewani. "Samahani, Mheshimiwa. Hakuoga au hakuaga?"

"Hakuoga, hakuaga. Alinitoroka. Alishika viatu mkononi. Mimi nilikuwa macho."

Hilo hatukulijua. Siku zote hizi tulidhani alikuwa amelala. Kaka yangu alifumba macho, akachuchumaa palepale upande wake wa mstari.

"Mama Kidawa," akasema, "niliona nikimuaga atalia."

"Ningelia," akasema Kidawa. "Halafu ningenyamaza."

Saa ya Lukindo ilisomeka tano na nusu. Alilitazama daftari lake, akaliinamia mpaka pua ikakaribia wino, na nikaona midomo yake ikisoma neno moja, akilirudia, kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "kufuta siruhusiwi. Kukata siruhusiwi. Lakini hakuna kifungu kinachokataza kumalizia herufi." Akageuza daftari tuone. *Baba: anaoga.* "Mwandiko wangu ni wa haraka. Hii *o* hapa katikati, ukiitazama vizuri, ni *a* ambayo haikuwekewa mkia."

Akaweka mkia. Mkia mdogo, wa bluu, usiozidi unyoya wa sisimizi.

*Baba: anaaga.*

"Mtu anayeaga," akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa na furaha aliyojitahidi kuificha, "kisheria yuko mlangoni. Si wa ndani, si wa nje. Akishaaga anaweza kwenda, na anaweza pia kughairi. Kwa hiyo daftari halina kosa, kama Mtukufu alivyosema. Lakini sharti liwe kweli, Bwana Mbwana. Mimi siandiki uongo. Mbele yangu, uage."

Kaka yangu akasogea mpaka kwenye chokaa. Kidawa akasogea upande wake. Walikuwa wanatazamana macho kwa macho, yeye amechuchumaa na mtoto amesimama.

"Kidawa, mwanangu," akasema. "Mimi natoka. Nakwenda kazini, kutengeneza friji. Kwaheri. Nitarudi."

Na Kidawa akaangua kilio. Lo, kile kilio. Kilikuwa kile chenyewe cha siku ile, alikuwa amekiweka akiba siku zote tisini na sita. Mbuzi wa jirani waliitikia. Shomari akaunga mkono kutoka ndani. Mbwana alitaka kunyanyuka, kuziba masikio, kukimbia, nilimwona kabisa miguu ikimcheza kwa mazoea, lakini alibaki pale pale na machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Lukindo alishika saa yake akapima, kwa kuwa kila tukio la mstarini lazima lipimwe.

Kisha Kidawa akanyamaza. Akavuta kamasi, akajifuta kwa mkono.

"Nimemaliza," akasema. "Pita."

Akagonga kibali kwa dole gumba. Sijui nani alimrukia nani kwanza, najua tu kwamba mimi pia nilikuwa ndani ya lile rundo, na mtu alinikanyaga, na nadhani alikuwa wifi.

Lukindo aliandika: *Muda wa kilio: dakika nne na nusu.*

Aliitazama ile namba. Akaitazama tena, akakaa kwenye ngazi ya mlango wetu bila kuomba kibali, daftari magotini.

"Dakika nne na nusu," akasema, lakini si kwetu.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba watumishi wa Wizara ya Kukaa Ndani hawakuruhusiwa kukaa ndani, na kwamba mtu huyu naye ametoka kwake siku tisini na sita zilizopita, asubuhi. Sikumuuliza viatu alivishika wapi. Mashavu alimletea kigoda na chai, akavikataa kwa mkono, akatoa simu mfukoni akabonyeza namba bila kuiangalia. Upande wa pili ikapokewa. Akasahau kusalimia. Miezi mitatu alikuwa hajui kuanza simu kwa namna nyingine.

"Nani mkubwa hapo nyumbani?"

Tukasikia kisauti chembamba kikijibu, "Mimi. Wewe nani?"

Bwana Lukindo alivua kofia.

"Mimi baba yako," akasema. "Nimepiga kukuaga."